Maji Kwenye Trela la Lavonne

Guymon, Oklahoma
19 Mei 1997

Kaka yangu Hollis,

Nakusalimu wewe, namsalimu Baba, na nawasalimu ndama wote waliozaliwa tangu niondoke. Hata yule fahali wako mwenye kiburi mwambie shangazi yake anamsalimu. Mimi ni mzima. Farasi wangu Tansy naye ni mzima, anakula kana kwamba shamba lote limepandwa kwa ajili yake. Juzi kwenye mbio za mapipa aliyazunguka yote matatu kama paka anayefukuzwa kwa ufagio, tukashika nafasi ya tatu mbele ya wasichana ambao ningeweza kuwazaa.

Marlys Toft anakusalimu ingawa hamjuani. Ni yule mwanamke wa Kansas niliyekwambia kwamba tutazunguka pamoja msimu huu. Pikapu yake ilikufa injini, kwa hiyo farasi wake anasafiri na Tansy sehemu ya nyuma ya trela langu, na yeye analala mbele, kwenye kochi karibu na meza. Mimi nalala kule juu puani mwa trela, kwenye kitanda kinachokalia mgongo wa pikapu. Anakoroma, lakini anapika maharage ambayo hata Baba angeyasifu kwa kunung'unika.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Godoro langu limelowa. Ni pembe ya upande wa kichwa tu, kama mtu aliyemwaga kikombe cha chai. Tulipigwa na mvua tukiwa barabarani, nikadhani ni dirisha nimelisahau wazi. Halikuwa wazi. Wewe ndiye uliyekaa na trela hili majira yote ya baridi pale bandani, mimi nikiwa kazini mjini. Baba aliniambia siku naondoka, "Paa limeshughulikiwa." Lilishughulikiwa na nani, na kwa kitu gani? Niambie nijue pa kuanzia.

Na mbona barua yako iliyopita haikuwa na mstari wa Baba chini? Miaka yote nikiwa njiani huwa anaongeza neno, hata likiwa la kunitukana. Mwambie nausubiri.

Ni mimi dada yako mwenye shingo iliyolowa,
Lavonne


Ainsworth, Nebraska
2 Juni 1997

Mdogo wangu Lavonne,

Salamu zimefika. Fahali hakujibu.

Hapa mvua imenyesha vizuri na majani yamepanda hadi magoti. Ndama mmoja alizaliwa amekaa vibaya tumboni, tukampoteza, mama yake akapona. Bibi Kolar wa kanisani ametuletea kolachi, zile keki zake ndogo za plamu, Baba amezila zote akaniachia sahani. Baba hajambo. Mkono unamsumbua, ndiyo maana haandiki.

Kuhusu godoro. Chini ya fremu ya lile dirisha la kitandani kuna matundu madogo ya kutolea maji. Yakiziba kwa vumbi, maji yanajaa kwenye reli na kumwagikia ndani. Yazibue kwa waya mwembamba. Halafu angalia zile taa ndogo za juu puani. Maji hupenda kupita nyuma ya taa.

Paa liko sawa. Usilipande, utaanguka.

Kaka yako,
Hollis


Greeley, Colorado
21 Juni 1997

Kaka Hollis,

Hujambo wewe na nyumba yako ya wanaume wawili na sahani chafu? Pole kwa ndama. Mshukuru Bibi Kolar kwa niaba yangu, na umwambie nikirudi nataka zangu, zisipitie mikononi mwa Baba. Mimi sijambo. Tansy aligonga pipa la pili hapa, tukaondoka mikono mitupu, lakini alikimbia kwa moyo.

Nimezibua matundu ya dirisha. Nimefungua kila taa puani, nikaifuta na kuizibia upya. Nikajisifu kwa Marlys, nikamwambia sasa kwisha. Hollis, tulivuka nchi kavu kama ganda la yai. Tangu tutoke Oklahoma hatukuonja hata manyunyu. Tulipokuwa tunashuka kwenye kilima kabla ya kufika hapa nilikanyaga breki, na jioni napanda kulala, mto wangu unakamulika kama kitambaa cha kudekia. Maji yanatoka wapi, na mbingu imefunga?

Nikafikiria tangi letu la maji ya kunywa. Tangi liko chini, kitanda kiko juu, na sijawahi kuona maji yakipanda ngazi. Nikafikiria jasho la farasi, maana wakipumua usiku kucha dari nayo hulowa. Lakini upande wao ni mkavu. Marlys akachukua unga wa ngano tukaupaka kwenye kila kiungo cha dari, akasema maji yakipita yatatuachia njia yao. Asubuhi tukakuta mchirizi mmoja unatoka katikati ya dari, mbali na kitanda, umetambaa juu ya plaiwudi kama konokono hadi kichwani pangu. Yaani maji hayadondoki pale yalipoingilia.

Na huko katikati ya dari pana kiyoyozi, na juu ya kiyoyozi pana paa. Lile paa usilotaka nilipande.

Nauliza tena, na safari hii usinijibu kwa dirisha. Nani aligusa paa? Na Baba mkono gani unamuuma? Anaandika kwa wa kulia, na nilipoondoka ulikuwa unainua tandiko.

Lavonne


Ainsworth
3 Julai 1997

Mdogo wangu,

Tunavuna majani makavu, kwa hiyo barua ni fupi. Joto limezidi. Baba hajambo, anakaa kivulini.

Nimewaza sana habari ya maji bila mvua. Maji bila mvua yanatoka kwa mtu. Wewe umesema mwenyewe kwamba kitanda chako ndicho kinacholowa, na kochi la yule mwanamke hukulitaja. Simjui. Wewe unamjua tangu lini? Ana farasi wake, anashindana mbio zilezile. Ukikosa usingizi, nani anafaidika? Simsemi mtu vibaya. Nauliza tu.

Paa liko sawa.

Hollis


Dodge City, Kansas
30 Julai 1997

Kaka Hollis,

Salamu. Mimi si mzima sana.

Nimekaa na barua yako wiki nzima kama mtu aliyemeza mfupa. Ulipanda mbegu, nayo ikaota. Nikaanza kumwangalia Marlys akijaza birika. Nikaanza kuhesabu nani alipanda trela wa mwisho. Jumatatu ya wiki iliyopita tukafanya jaribio la bomba: yeye nje na mpira wa maji, mimi ndani na tochi. Ndivyo inavyofanywa. Unaanza chini, unapanda polepole, unasubiri. Akanyunyizia ukuta, kavu. Akanyunyizia madirisha, kavu. Akanyunyizia taa, kavu. Nikapiga kelele, "Pandisha paani!" Mara maji yakaja, lakini yalikuja haraka mno, na mengi, nami moyo wangu ulikuwa tayari umeoza. Nikatoka nje.

Nikamwambia, "Umeelekeza wapi?"

"Paani. Si umesema paani?"

"Au umeingiza mpira kwenye tundu la hewa?"

Akaniangalia. "Lavonne, unataka kuniuliza nini?"

"Nakuuliza mbona kitanda chako hakijawahi kulowa."

Akazima bomba. Akaukunja ule mpira vizuri, duara juu ya duara, akauweka chini. "Nimelala nyumbani kwako miezi miwili nikikupikia," akasema, "na kumbe ulikuwa unalala jicho moja wazi. Pole, umechoka sana." Akaenda kumtoa farasi wake. Binamu yake alikuja kuwachukua kabla ya chakula cha mchana. Hakubamiza mlango. Angebamiza ningejisikia nafuu.

Tangu hapo mimi na Tansy tuko peke yetu. Na Tansy, ambaye tangu akiwa na miaka miwili anapanda trela mwenyewe bila kuvutwa kama bibi anayeingia kanisani, sasa hapandi. Anafika mlangoni, anaweka kwato moja, anaruka nyuma macho yametoka. Jana aliniangusha. Nimekosa mbio mbili kwa sababu siwezi kumsafirisha. Nimekagua mwili wake wote, hana kidonda. Nani alimpiga? Marlys? Siamini. Lakini sasa sijui ninaamini nini.

Nilipiga simu Jumapili saa ya chakula. Ukasema Baba amelala. Nilipiga Jumatano asubuhi, ukasema amelala. Baba yetu, aliyekuwa akituamsha kwa kugonga ndoo! Je, Baba yuko hai, Hollis? Nijibu hilo hata kama hujibu kingine.

Lavonne


Ainsworth
5 Agosti 1997

Lavonne,

Baba yuko hai. Naapa kwa kaburi la Mama.

Acha msimu. Rudi nyumbani.

Hollis


Dodge City, Kansas
11 Agosti 1997

Hollis,

Sitakusalimia.

Leo asubuhi kulikuwa na umande mzito. Nilishuka bila viatu kumpelekea Tansy maji, nikashika mpini wa mlango wa trela, na umeme ukanirusha. Mkono mzima hadi kwenye meno. Nikakaa kwenye nyasi nikitetemeka kama kifaranga. Nilipoweza kusimama nikaenda kuchomoa waya unaoleta umeme kutoka kwenye nguzo ya uwanja. Halafu nikafungua kabati chini ya kitanda, nikabandua ubao. Ndani ya ukuta mmejaa maji, Hollis. Sufi ya kuzuia baridi iliyo ndani ya dari na ukuta imeloa kama sifongo, na maji yamefika kwenye soketi. Trela lote la alumini lilikuwa limebeba umeme. Mimi navaa buti za mpira, sikujua. Mnyama mwenye viatu vya chuma, kwenye ardhi yenye maji, alijua. Nilikuwa namvuta kwa kamba na kumtukana mkaidi, naye alikuwa anajaribu kuniambia.

Na sasa ninaelewa maji bila mvua. Mvua ya Mei ilikuwa imelala ndani ya dari. Kila niliposhuka kilima, dari ikainama, maji yakateremka hadi kwenye mto wangu. Hakuna mtu aliyemwaga kikombe. Nimemfukuza Marlys kwa neno lako.

Basi nieleze. Trela hili lilikuwa bandani kwako kuanzia Novemba hadi Aprili. Kabla ya hapo halikuvuja hata tone. Wewe ndiye uliyesema mwaka jana mezani, mbele ya Baba, kwamba mwanamke wa miaka arobaini na minne aache kuzunguka mapipa kama nzi, arudi asaidie shamba. Wewe ndiye uliyeandika mara mbili kwamba paa liko sawa, nisilipande. Wewe ndiye uliyenielekeza kwa Marlys. Na nilipochoka kabisa, ukaandika, "Rudi nyumbani."

Ulilegeza nini juu ya paa langu, kaka? Ulitaka nirudi kiasi hicho? Kama umeme ule ungenikuta nimeshika na mikono yote miwili, ningerudi kweli, nikiwa nimelazwa.

Kesho naazima ngazi. Nitapanda.

Lavonne


Dodge City, Kansas
12 Agosti 1997

Hollis,

Barua ya jana imeshaondoka, ningeweza ningeikimbilia.

Nimepanda. Viungo vyote vya paa vilikuwa vimekwanguliwa gundi ya zamani, safi kabisa, kazi ya mtu mwenye subira. Hakuna skrubu iliyolegea. Lakini gundi mpya haikuwapo. Palikuwa na utelezi tu ulioshika vumbi, umetiririka kwenye jua hadi pembeni. Nikasema mwizi gani huyu anayekwangua gundi na kupaka grisi?

Halafu nikafungua kile kifuniko cha plastiki cha kiyoyozi. Chini yake, kwenye kivuli, ile grisi ilikuwa haijayeyuka. Imepakwa kuzunguka kiungo chote, ya manjano, imesawazishwa kwa kidole sentimita kwa sentimita. Nikainusa, nikajiona niko bandani nina miaka sita, mbele ya ng'ombe. Ni mafuta ya kukamulia, Hollis. Yale mazito tunayopaka chuchu za ng'ombe zikipasuka. Mtu ameziba paa langu lote kwa mafuta ya kukamulia. Wakati wa baridi yaligandana kama nta. Jua lilipopata nguvu yakaondoka.

Na kwenye pembe moja kuna alama ya gumba. Fupi. Limekatika juu ya kiungo.

Namjua mtu mmoja tu ambaye mashine ya kufunga majani ilimkata gumba hivyo. Mtu huyo aliezeka kwa bati na kuziba nusu ya maghala ya wilaya yetu, na hangeweza kuchanganya kopo la gundi na la mafuta hata akiwa amefungwa kitambaa machoni.

Baba ana nini?

Lavonne


Ainsworth
18 Agosti 1997

Mdogo wangu Lavonne,

Barua zako zote mbili zilifika siku moja. Nilisoma ya kwanza nikaenda kukaa na ng'ombe. Nikarudi nikasoma ya pili.

Ilianza vuli iliyopita. Alipotea akitoka kanisani, barabara aliyoipita maisha yake yote. Nikacheka naye, tukasema ni ukungu. Wakati wa Krismasi alinitengea kiti akaniita Rudy. Wewe hukumjua Rudy, ni kaka yake aliyekufa maji kabla hatujazaliwa. Aliniuliza kama bado naogopa mto. Daktari alitupa jina la ugonjwa. Baba akasema jina halina haja, hataweza kulikumbuka. Kisha hakucheka.

Siku hiyohiyo, kwenye pikapu, akili yake ikiwa safi kama mimi na wewe, akanishika mkono. "Lavonne asijue mpaka msimu uishe. Akijua atamfungia yule farasi malishoni, aje anifute mdomo. Huyu ndiye mnyama mwenye mbio kuliko wote aliowahi kuwa naye, na hatapata mwingine. Niapie." Nikaapa. Maneno yale ya mezani kuhusu nzi na mapipa niliyasema mwaka uliopita, ni kweli, na alinifokea kwa wiki nzima. Hilo hukulijua kwa sababu ulikuwa umeondoka.

Machi nilitoka kulisha nikamkuta juu ya paa la trela. Theluji ilikuwa bado haijayeyuka chini.

Nikamwambia, "Shuka, Baba."

"Nashuka nikimaliza. Mtoto anaondoka kesho."

Ulikuwa umebakiza zaidi ya mwezi. Nikapanda nikamshika mkanda ili asianguke, na yeye akaendelea kukwangua na kupaka, akipiga mluzi. Alikuwa na kopo, sikuliangalia. Nilikuwa naangalia miguu yake. Alipomaliza akasema, "Tone halitapita." Nilikuwa sijamwona na furaha namna ile tangu Mama afe. Ningepanda tena baadaye kukagua kazi yake? Mimi, kukagua kazi ya Emil Vanek? Nilitazama kutoka chini, viungo vilionekana vimezibwa.

Ulipoandika kwamba linavuja, nilijua. Sikujua ni mafuta, lakini nilijua ni mkono wake. Ungetaka nikwambie nini? Kila ulipouliza habari za paa ulikuwa unabisha mlango wenyewe niliokatazwa kuufungua. Mstari wake wa chini ya barua nilijaribu kumpa kalamu. Aliikazia macho, akaniuliza ng'ombe yupi ni mgonjwa. Na hilo la Marlys ni langu, halikutoka kwa Baba. Nilimtupia yeye ili usitazame huku. Umeme sikuuwaza kamwe.

Nimechoka, Lavonne. Usiku namfungia mlango kwa nje, na asubuhi nauliza kama amelala vizuri. Niliandika "rudi nyumbani" kwa sababu siku hiyo alitoka akielekea mtoni kumtafuta Rudy. Sikuwa natega mtego. Nilikuwa naomba, na sikujua kuomba kunaandikwaje.

Hollis


Dodge City, Kansas
23 Agosti 1997

Kaka yangu Hollis,

Nakusalimu kwanza, kwa sababu mara mbili nilikunyima. Nakusalimu wewe mwenyewe, sio shamba, sio fahali.

Nimelia nikamaliza. Nimekukasirikia pia na hilo sijamaliza, tutaligombania jikoni. Mlinificha ninyi wawili kama mtoto, mmoja akaapa na mwingine akaapisha. Lakini Baba angenishika mkono mimi ndani ya pikapu, huenda nami ningeapa.

Nimekata waya ule mbovu, nimetoa sufi yote iliyoloa, trela limebaki mbavu tupu ndani. Sasa hakuna umeme, natumia taa ya mafuta. Asubuhi nilimleta Tansy mlangoni. Sikumvuta. Nilipanda mimi kwanza, bila viatu, nikagusa ukuta mbele yake kwa viganja vyote viwili. Alinitazama muda mrefu kama mkwe anayetafuta kosa. Kisha akaweka kwato, akasubiri, akaweka ya pili.

Tunakuja. Usimwambie Baba ni kwa ajili yake. Mwambie trela linahitaji fundi.

Lavonne


Ainsworth, Nebraska
14 Oktoba 1997

Kwa Hollis Vanek, nyumbani kwa Marlys Toft, Kansas

Kaka yangu msafiri,

Ni ajabu kukuandikia kutoka kwenye meza hii, nawe ndiye uliye barabarani. Umelala vipi kule puani? Godoro kavu? Sisi hatujambo. Theluji ya kwanza imepita bila kukaa. Fahali wako ananidharau, nami namdharau, tumezoeana.

Umeshamwona Marlys basi. Nilipomwandikia kumwomba radhi nilijaza kurasa nne, na yeye akajibu kwa maneno mawili: "Mlete farasi." Kwa hiyo usijidai mbele yake, na usimweleze habari ya maji kutoka kwa mtu, anaijua. Kula maharage, sifu, osha sahani. Mwache ampande Tansy mwenyewe, wala usimfundishe. Nataka mbio zote za majira haya ya baridi huko kusini, kila moja, uje unisimulie pipa kwa pipa, maana Baba anauliza. Jina la yule farasi bado hajalisahau.

Langu analipoteza. Kila asubuhi ananiuliza, "Wewe ndiye nani tena?"

Namjibu, "Mimi ndiye yule anayekuchosha."

"Aa, Lavonne."

Jana alinifukuza jikoni akidhani nimekuja kuiba sufuria. Baadaye aliniomba radhi, hakumbuki ya nini, akaomba tu. Nimeacha kumfungia mlango kwa nje. Nimehamishia kitanda changu kwenye korido, akitoka ananikanyaga, anasema samahani, tunarudi wote. Wewe lala huko. Ulikuwa na zamu ndefu.

Kuna jambo moja la paa sijakwambia. Unakumbuka tulivyoziba kila kiungo kwa gundi yenyewe, mimi na wewe, tukanyunyizia maji saa nzima na dari ikabaki kavu? Hatukuziba kila kiungo. Siku ile ulipokwenda mjini kununua matairi, Baba alipanda ngazi kabla sijamwona. Nikamshika mkanda. Alitaka kazi, Hollis. Nikampa ule mshono wa nyuma, juu ya vyumba vya farasi, mbali na waya na mbali na kitanda, nikampa gundi sahihi mkononi. Alianza kwa mstari ulionyooka kama wino. Katikati mkono ukapotea, akaruka nafasi ya upana wa kiganja, akaendelea mbele hadi mwisho kana kwamba hajaruka kitu. Akajifuta vidole, akasema, "Sasa mtoto anaweza kwenda."

Nilinyoosha mkono nizibe pengo. Akanipiga kofi la vidole. "Usiguse. Yako itaharibu yangu."

Niliwaza nitalirudia asubuhi akiwa bado amelala. Asubuhi nilimkuta ameketi kwenye ndoo chini ya ngazi, amejifunga blanketi, analinda. Na wewe ulikuwa umeshawasha pikapu.

Basi mvua ikikukuta huko, pita nyuma uangalie. Ukimkuta Tansy ana tone la maji mgongoni, mfute kwa mkono, na usimwambie mtu yeyote.

Dada yako,
Lavonne